Shahidi kwa Mwenendo: Wakristo wa Rabai, Freretown na Fulladoyo katika Karne ya Kumi na Tisa

Utangulizi

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili ambayo lugha nyingi za Ulaya huyatenganisha. Shahidi ni mtu aliyeona jambo, akasimama mbele ya kadhi kulieleza. Na shahidi ni mtu aliyeuawa kwa ajili ya dini yake. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na Waislamu wa pwani walikuwa wamelizoea kwa karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kutia mguu Mombasa mwaka 1844. Wafasiri wa Biblia walipolikuta hawakuwa na haja ya kutafuta jingine, kwani hata Kiyunani cha kale kilikuwa na neno moja lililokuja kuzibeba maana hizo zote mbili.

Hata hivyo, katika matumizi ya Wakristo wa Afrika ya Mashariki neno hilo limepata maana ya tatu. Mtu huambiwa kuwa ni shahidi kwa mwenendo wake: jinsi anavyokaa na jirani, anavyolipa deni, anavyompokea mgeni na anavyostahimili dhiki. Mwenendo kama huo huitwa ushuhuda, na mwenye nao huitwa kielelezo kwa wengine. Mada ya mhadhara huu ni namna maana hiyo ya tatu ilivyojaribiwa katika vijiji vichache vya pwani ya Kenya kati ya mwaka 1844 na 1889. Inakusudiwa kuonyesha kwamba wale waliotazamiwa na misheni kuwa kielelezo hawakuwa daima ndio waliogeuka kuwa kielelezo, na kwamba tendo lililowavuta watu wengi zaidi kwenye Ukristo lilikuwa lile ambalo wakuu wa misheni walilikataza.

Uungwana na utumwa

Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, sharti kuitazama kwanza jamii ambamo Wakristo hao waliishi. Katika miji ya Waswahili kipimo cha mtu kilikuwa uungwana. Neno hili liliunganisha hali na tabia. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na papo hapo alikuwa mtu mwenye adabu, mkarimu, mwenye kauli ya upole na mwenye kujua haki ya kila mtu. Mambo hayo mawili yaliwekwa katika neno moja kana kwamba la pili lilitokana na la kwanza. Mtumwa aliweza kuwa mkweli, mpole na mchamungu, lakini lugha yenyewe ilimnyima jina la tabia yake. Mtu wa bara aliitwa mshenzi. Na mtumwa aliyemkimbia bwana wake aliitwa mtoro, neno ambalo lilimhesabu kuwa mkosaji kabla hajafungua kinywa.

Isisahauliwe kwamba Uislamu nao uliuhesabu uhuru wa mtumwa kuwa sadaka yenye thawabu, na kwamba watumwa wengi wa pwani walisilimu, wakajifunza Kurani, na kwa njia hiyo wakajipatia heshima ambayo mabwana zao hawakuweza kuipuuza. Kwa maana hiyo, msikiti ulikuwa mlango wa uungwana muda mrefu kabla ya kanisa. Wakristo wa kwanza wa pwani hawakuja mahali pasipo na mifano ya ucha Mungu. Walikuja mahali penye mifano mingi, na iliwabidi wapimwe kwayo.

Aidha, utumwa wenyewe haukuwa umesimama. Katika karne ya kumi na tisa mashamba ya nafaka ya Malindi na Takaungu yaliongezeka, na mahitaji ya nguvukazi yakaongezeka pamoja nayo. Mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash wa Zanzibar mwezi Juni mwaka 1873 ulifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku biashara hiyo baharini, lakini haukumwacha huru mtumwa yeyote aliyekuwa tayari shambani. Kwa sababu hiyo wengi walitoroka. Wengine walikwenda Witu, ambako Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, aliwapokea na kuwafanya askari wake. Wengine walijificha misituni. Na wengine, kadiri miaka ilivyopita, walielekea mahali ambapo palisemekana pana watu wanaosali kwa namna nyingine.

Rabai: ushuhuda usio na mavuno

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza kijulikanacho kama CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki dunia, wakazikwa bara, upande wa pili wa kisiwa. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wote wawili wakahamia Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, kwa idhini ya wazee wa kaya.

Historia zilizoandikwa Ulaya zimewakumbuka watu hawa wawili kwa milima. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Wanaisimu nao wamewakumbuka kwa sarufi na kamusi: Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo chake. Lakini kwa upande wa kazi iliyowaleta, yaani kuwapata waamini, mavuno yalikuwa haba mno. Mtu wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe. Alikuwa kilema na mgonjwa taabani, akabatizwa mwaka 1851, akafariki muda mfupi baadaye. Kwa kipimo chochote cha dunia huo haukuwa mwanzo wa kujivunia. Katika jamii iliyomheshimu mtu kwa ukoo wake, kwa rika lake na kwa mali yake, mwamini wa kwanza alikuwa mtu ambaye hakuwa na lolote katika hayo.

Krapf aliondoka katika miaka ya 1850. Rebmann alibaki. Alikaa Afrika ya Mashariki miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waamini wake walihesabika kwa vidole. Wakosoaji wake, hata ndani ya chama chake, walimwona kuwa mtu aliyejifungia na kamusi zake. Ni kweli kwamba alitumia miaka mingi kuandika msamiati wa lugha za Waafrika. Kamusi yake ya Kinyasa, iliyochapishwa mwaka 1877, ilitokana na mazungumzo yake na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyeletwa pwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Lakini kuna jambo ambalo hesabu ya waliobatizwa haiwezi kulipima. Mtu aliyekaa mahali pamoja kwa muda wote huo, akizeeka na kupofuka mbele ya majirani zake, alikuwa amewapa nafasi ya kumchunguza. Hakuna hila inayodumu miaka 29.

Miongoni mwa wachache waliomchunguza na kuridhika alikuwamo mzee Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyepewa jina la Isaac. Rebmann alipoondoka mwaka 1875, akiwa haoni tena, ni Isaac Nyondo aliyemshika mkono na kusafiri naye hadi Ulaya. Mmisionari huyo alifariki mwaka uliofuata, naye Nyondo akarudi kwao kuendelea na kazi. Tukio hilo dogo lina maana kubwa katika historia hii. Yule aliyekuja kuwaongoza wengine aliondoka akiongozwa.

Mwingine aliyepata mafunzo kwa Rebmann alikuwa Abe Ngoa, Mgiriama. Huyu hakukaa Rabai kuwa tegemezi wa misheni. Alikusanya Wagiriama wenzake huko Godoma, wakasoma na kusali pamoja bila mmisionari wa Kizungu kukaa kati yao. Kutokana na kundi hilo kilizaliwa mwaka 1879 kijiji cha Fulladoyo, ambacho habari zake zitaelezwa baadaye.

Freretown: kijiji cha kuonyesha

Baada ya mkataba wa mwaka 1873, manowari za Uingereza ziliendelea kuyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na ikawa lazima kutafuta mahali pa kuwaweka waliookolewa. Mwaka 1875 CMS, chini ya William Salter Price, ilinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikaanzisha makazi yaliyoitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyeshughulikia suala la mkataba. Watu walioletwa huko na manowari waliitwa mateka.

Nguzo ya makazi hayo haikuwa Wazungu peke yao. Tangu miaka ya 1850 Waafrika kadhaa waliookolewa baharini walikuwa wamepelekwa India na kusomeshwa karibu na Nasik, ambako walijifunza useremala, uhunzi na Kiingereza. Wawili kati yao, William Jones, aliyezaliwa katika Wayao, na Ishmael Semler, waliletwa Rabai mwaka 1864. Wengine wengi walifuata baada ya mwaka 1875. Watu hawa, walioitwa Wabombay, walikuwa walimu, mafundi, wakalimani na wazee wa kanisa. Bila wao Freretown isingedumu hata mwaka mmoja.

Freretown ilikusudiwa kuwa mahali pa kutazamwa. Nyumba zake zilipangwa kwa mistari, mashamba yake yaligawanywa, na watu wake waliamka, wakafanya kazi, wakasali na kulala kwa mlio wa kengele. Kengele hiyo ilitumika pia kuwaonya watu pindi wakamataji wa watumwa walipokaribia. Na hadi leo eneo hilo la Mombasa huitwa Kengeleni. Fikra ya waanzilishi ilikuwa kwamba Mwarabu, Mswahili na Mmijikenda wakipita hapo wataiona tofauti ya maisha, na tofauti hiyo itahubiri yenyewe.

Tofauti ilionekana, lakini si ile tu iliyotarajiwa. Kijiji kilichotakiwa kuonyesha uhuru kiliendeshwa kwa amri. Mkazi hakuwa na sauti katika sheria zilizomhukumu. Mwaka 1881 ilifahamika wazi kwamba wakazi walikuwa wakichapwa viboko vikali na kufungwa kwa amri ya msimamizi Mzungu wa makazi hayo, na maofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza wakalazimika kuchunguza. Msimamizi huyo aliondolewa, lakini madhara yalikuwa yamekwisha fanyika. Wenye watumwa wa Mombasa waliokuwa wakihubiriwa ubaya wa kiboko walipata jibu jepesi: hata kwa wenye kengele kiboko kilikuwapo.

Wabombay nao walikuwa na manung'uniko yao. Walilalamika kuhusu mishahara yao na jinsi walivyowekwa chini ya vijana wa Kizungu wasioijua nchi wala lugha. Wamisionari kadhaa waliwajibu kwa kuwaita wenye kiburi. Katika barua na ripoti za siku zile, kosa la Mbombay mara nyingi lilikuwa nguo zake, nyumba yake au Kiingereza chake. Yaani mambo yaleyale ambayo misheni ilikuwa imemfundisha. Hapa panaonekana ugumu wa kumfanya mtu mwingine kuwa kielelezo kwa kumwagiza. Anayeagizwa humtazama kwanza aliyemwagiza, na akiona kwamba mafundisho ya undugu hayavuki meza ya chakula, hujifunza hilo pia.

Fulladoyo na kifo cha David Koi

Umbali mfupi kutoka pwani, katika nchi ya Wagiriama, mambo yalikuwa yakienda kwa namna nyingine. Fulladoyo haikuwa na kengele kubwa wala msimamizi. Ilikuwa na Wakristo wachache waliolima na kusali, na mlango uliokuwa wazi. Watoro kutoka mashamba ya pwani walipofika hapo hawakurudishwa. Walipewa mahali pa kujenga na kulima. Wengi wao hawakuwa Wakristo, na hawakutakiwa wawe Wakristo kabla ya kupewa maji ya kunywa. Idadi yao ikakua haraka hata ikawazidi mara nyingi wenyeji waliowapokea.

Kiongozi wa Wakristo wa Fulladoyo katika miaka hiyo alikuwa David Koi. Msimamo wa rasmi wa misheni ulikuwa kutowapokea watoro, kwa kuwa katika sheria ya Sultani mtoro alikuwa mali ya mtu, na CMS ilikaa pwani kwa ridhaa ya Sultani. Wamisionari walihofia kwamba kumhifadhi mtoro mmoja kungeweza kuiteketeza kazi nzima. Hofu hiyo haikuwa ya bure: zaidi ya mara moja Freretown na Rabai zilitishiwa kuvamiwa. Koi na wenzake hawakuwa na manowari ya kuwalinda wala balozi wa kuwasemea. Walikuwa na sababu nyingi zaidi ya wamisionari za kuufunga mlango wao. Hawakuufunga.

Mwaka 1883 David Koi alikamatwa na watu wa upande wa wenye watumwa, akauawa. Anakumbukwa kuwa shahidi wa kwanza wa Kanisa la Anglikana katika nchi ya Kenya. Kwake yeye zile maana tatu za neno zilikutana: alikuwa ameieleza imani yake kwa kinywa, alikuwa ameiishi kwa kuwapokea waliokimbia, na mwishowe aliifia. Lakini ikitazamwa kwa makini, ni ile maana ya kati iliyomletea ya mwisho. Hakuuawa kwa sababu ya mahubiri. Watu wengi walihubiri pwani wasiguswe. Aliuawa kwa sababu watu waliohesabiwa kuwa mali walipata makao kwake.

Inawezekana kupinga kwamba kuwapokea watoro halikuwa jambo la Wakristo peke yao. Pingamizi hilo lina haki yake. Witu iliwapokea watoro wengi kuliko Fulladoyo. Hata hivyo, mtoro aliyekwenda Witu alipewa silaha na bwana mpya wa kumtumikia. Aliyekwenda Fulladoyo alipewa jembe. Baadhi ya watoro waliona silaha kuwa zawadi bora zaidi, na hakuna sababu ya kuwalaumu. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba waliochagua Fulladoyo walijua wanachokichagua, na kwamba baada ya Koi kuuawa watoro hawakuacha kuwaendea Wakristo.

William Jones na watoro wa Rabai

Mwezi Mei mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa William Jones na Ishmael Semler daraja la ushemasi. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu huyo katika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Jones aliwaongoza waliobaki katika safari ndefu ya kurudi, wakaingia Rabai mwanzoni mwa mwaka 1886 wakiwa na bendera ya kitambaa cha buluu iliyoandikwa neno moja la Kiebrania la maombolezo kutoka katika Agano la Kale, Ikabodi. Waliokuwa wakisubiri waliielewa habari kabla haijasimuliwa.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa akiisimamia Rabai wakati idadi ya watoro ilipoongezeka. Jones alijua amri ya misheni. Alijua pia, kwa mwili wake mwenyewe, maana ya kukamatwa na kuuzwa. Watoro walifika usiku, wakapewa mahali, wakapewa majina, wakaingizwa darasani, wakaoa na kuolewa, na baada ya miaka michache hawakutofautika na wanakijiji wengine. Jambo hili halikuandikwa wazi katika taarifa zilizopelekwa London. Ilikuwa siri ambayo kijiji kizima kiliijua.

Mwaka 1888 siri hiyo ilifichuka. Kampuni ya Uingereza iliyokuwa imepewa pwani kuitawala, yaani IBEA, ilikuwa inaanza kazi, na wenye watumwa wa Mombasa na vitongoji vyake walidai mali yao iliyokuwa katika vijiji vya misheni. Price, ambaye alikuwa amerudi Freretown mwaka huo, alikwenda kuchunguza na kukuta kwamba watoro walihesabika kwa mamia. Kwa muda hali ilikuwa ya hatari. Kuwarudisha kungekuwa kuwatoa watu waliobatizwa, mbele ya macho ya watoto wao, wachapwe na kufungwa minyororo. Kutowarudisha kungeweza kuleta vita.

Suluhisho lilitolewa na George Mackenzie, mwakilishi wa IBEA, ambaye alikubali kuwalipa mabwana fidia. Michango ilipatikana kutoka sehemu mbalimbali, na jumla ya gharama ilifikia pauni zipatazo 3,500. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai. Walioachwa huru katika mpango huo, pamoja na wale wa vituo vya jirani vikiwemo vya Wamethodisti, walizidi 1,400.

Ni vema kutoikuza siku hiyo kupita kiasi. Kampuni ilitaka amani ya kibiashara, na ilinunua amani. Waliolipwa ni wenye watumwa, si waliotumikishwa. Na utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Lakini kuna swali ambalo siku hiyo inaliacha mbele ya mwanahistoria. Jones alikuwa amevunja amri ya wakubwa wake. Kwa kanuni ya utii, ambayo nayo ni fadhila ya Kikristo, alistahili lawama, na lawama aliipata. Kwa kanuni ya upendo kwa jirani, watu zaidi ya elfu moja walikuwa na sababu ya kumshukuru. Wamisionari waliokuwa wamepinga tendo hilo walisimama pamoja naye siku ya furaha, na habari za siku hiyo zilipopelekwa Uingereza ziliisifu misheni nzima.

Mateka na watoro katika kumbukumbu ya lugha

Historia hii imeingia katika fasihi ya Kiswahili hasa kwa kitabu kimoja. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwana wa Freretown, alichapisha Uhuru wa Watumwa, masimulizi ya jinsi baba yake na wenzake walivyotekwa, wakasafirishwa, wakaokolewa na manowari ya Waingereza na kuletwa kwenye makazi ya misheni. Kitabu hicho kilisomwa shuleni kwa miaka mingi, na ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ndefu ya Kiswahili kuandikwa na Mwafrika. Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu kwa kumtukuza Mwingereza na kumwacha Mwafrika kuwa mtu wa kuokolewa tu.

Lawama hiyo ina ukweli, lakini inafaa kuongezewa jambo. Simulizi la Mbotela ni simulizi la mateka, na mateka kweli walifunguliwa na mkono wa mtu mwingine. Mtoro alijifungua mwenyewe, kisha akabisha hodi kwa mtu aliyeweza kumkataa. Kundi la kwanza lilipata mwandishi wake. Kundi la pili halikumpata, na neno lililolitaja limebaki kuwa neno la aibu. Hata leo mtoro katika Kiswahili ni mwanafunzi aliyekimbia shule au askari aliyeiacha kambi. Ni nadra msikilizaji kukumbuka kwamba neno hilo liliwahi kumtaja mtu aliyetembea usiku kucha kutoka Takaungu na mtoto mgongoni.

Kwa upande wa uungwana, mambo yamekwenda kinyume. Neno hilo limepoteza polepole maana yake ya kuzaliwa huru, na katika Kiswahili cha leo muungwana ni mtu yeyote mwenye tabia njema. Badiliko hilo lina sababu nyingi, na kubwa zaidi ni kukomeshwa kwa utumwa wenyewe. Wakristo wa Rabai na Fulladoyo hawawezi kudaiwa kulileta. Inatosha kusema kwamba waliishi kana kwamba badiliko hilo lilikuwa limekwisha kutokea. Watu ambao lugha iliwaita washenzi na watoro waliwapokea wageni kwa ukarimu ambao lugha iliuhifadhi kwa ajili ya waungwana.

Hitimisho

Imeonyeshwa katika mhadhara huu kwamba ushuhuda wa mwenendo ulichukua sura tatu katika pwani ya Kenya. Rabai ya Rebmann iliutoa kwa kukaa. Na ingawa waliovutwa walikuwa wachache, wachache hao waliweza kusimama bila yeye. Freretown ilitaka kuutoa kwa utaratibu, na ikagundua kwamba anayetazamwa hutazamwa pande zote, hata upande anaopenda kuuficha. Fulladoyo, na baadaye Rabai ya Jones, ziliutoa kwa kuupokea mzigo wa watu wengine, bila ruhusa na kwa gharama kubwa. Ni sura hii ya tatu iliyokusanya watu wengi, na ni hiyo iliyoandikwa kwa uchache zaidi.

Upungufu huo wa maandishi ni kazi inayowangoja watafiti wa Kiswahili. Nyaraka za wamisionari zimesomwa na zitaendelea kusomwa. Lakini ziliandikwa na watu ambao, kwa muda mrefu, hawakuambiwa lililokuwa likitendeka usiku katika vijiji vyao wenyewe. Rabai leo ina jumba la makumbusho linaloeleza habari za Krapf na Rebmann, na kengele ya Freretown imehifadhiwa mahali pake. Wazao wa waliopewa hati tarehe 1 Januari 1889 wangali wanaishi Rabai na vijiji vya jirani. Baadhi ya familia hizo zina majina ya ukoo ambayo hayatokani na kabila lolote la pwani, na kila jina la namna hiyo lina simulizi la mtu aliyekuja kutoka mbali na la mtu aliyemfungulia mlango. Masimulizi hayo yapo katika Kiswahili na katika Kirabai. Wanaoyakumbuka ni wazee, na muda wa kuwauliza si mrefu.